Vijiwe vya Bi Zuwena

Nifungue?

— Fungua.

Nifungue kibuyu au nifungue kinywa?

— Fungua vyote.

Haya, kaeni. Wewe uliyejinyoosha mlangoni, kunja miguu. Hadithi hii ina ngamia, unataka apite wapi?

Hapo kale, kabla nyanya yangu hajaota meno, palikuwa na mji, na katika mji palikuwa na kinu cha kukamulia ufuta. Kinu kizito, cha gogo zima. Ngamia alifungwa kitambaa machoni akazunguka, akazunguka, akazunguka, na mafuta yakashuka kwenye mtungi. Mwenye kinu alikuwa Bi Zuwena. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia kinu, ngamia na mlango wa duka unaotazama sokoni.

Bi Zuwena alikuwa peke yake. Mnunuzi akiita mlangoni, anakwenda kumpimia. Akienda kumpimia, ngamia anasimama. Akirudi kumswaga ngamia, mnunuzi anaita tena. Miguu ikamvimba. Akasema, "Mimi mmoja sitoshi. Nitaajiri mtu."

Akaja mtu mzima, jina lake Makame, mwenye mvi chache kidevuni. Bi Zuwena akamuuliza, "Bwana Makame, ulikuwa ukifanya kazi wapi?"

"Kwa muuza chumvi, ng'ambo ya mto. Nilifukuzwa."

"Kwa nini?"

"Gunia lilipotea, nikaambiwa nimeiba mimi. Baada ya miezi mitatu gunia likaonekana, limeangukia nyuma ya mengine. Lakini nilikuwa nimeshaitwa mwizi. Mke wangu alirudi kwao, hakutaka kuitwa mke wa mwizi." Akaongeza, "Nakueleza mwenyewe, Bi Zuwena, usije ukasikia kwa watu. Nikiitwa hivyo mara ya pili, pwani hii hapana atakayenipa kazi tena."

Bi Zuwena alimhurumia, akamwajiri. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopitwa. Siku ile ile aliyomwajiri Makame, ndiyo siku aliyoanza kuhesabu. Alikaa miaka sita na kinu, hakuwahi kuhesabu hata tone. Akipata anakula, akikosa anakopa. Lakini sasa kuna mtu wa nje ndani ya nyumba, na mtu wa nje lazima ahesabiwe. Sivyo tulivyo? Msinitazame hivyo, nawajua.

Akatundika kibuyu ukutani. Akamwambia Makame, "Marehemu alisema kinu kinatoa kata arobaini za mafuta kwa siku. Kila kata ukiuza, tia komwe moja kibuyuni." Kata, kile kifuu chenye mpini cha kuchotea; komwe, zile mbegu tunazochezea bao. "Jioni tutahesabu komwe, tutapima mafuta yaliyobaki. Jumla iwe arobaini."

"Sawa kabisa," akasema Makame.

Jioni wakahesabu. Komwe thelathini. Mafuta yaliyobaki, kata nne. Ngapi hapo? Thelathini na nne. Kata sita hazipo. Kesho yake, sita hazipo. Kesho kutwa, saba.

Bi Zuwena usingizi ukampaa. Akaanza kumpima Makame kwa macho, kiganjani, kiunoni, kwenye mkunjo wa kikoi. Makame akaliona jicho lile. Alikuwa analijua tangu kwa muuza chumvi.

Mara ya kwanza, Bi Zuwena akaufunga mtungi kwa kamba, fundo lake mwenyewe, fundo ambalo hakuna mwingine angeweza kulifunga. Akawa yeye ndiye afungue na yeye ndiye afunge. Jioni, kata sita hazipo.

Mara ya pili, akamwambia Makame, "Leo wewe kaa na ngamia. Nitauza mwenyewe." Akauza mchana kutwa, Makame hakuukaribia mtungi. Jioni, kata tisa hazipo.

"Mchawi huyu," akasema Bi Zuwena moyoni.

Mara ya tatu, akamtuma Makame shamba la mbali kununua ufuta, alfajiri hadi magharibi. Mtungi, Bi Zuwena na ngamia, basi. Jioni, kata tano hazipo.

Nyie mngesemaje hapo?

— Si Makame.

Aa, nyie mna akili, tena mmekaa, mmeshiba. Bi Zuwena alisema hivi: "Huyu anaiba hata akiwa hayupo." Akalisema kisimani kwa wanawake wanaoteka maji. Akalisema sokoni kwa wauza samaki. Akalisema kwenye arusi ya binamu yake, watu wamekaa mikekani wanasubiri pilau. Mahali patatu, na kila mahali wakatingisha kichwa wakasema, "Kumbe ndiye yule wa chumvi."

Ijumaa akamwita Makame mlangoni, watu wakisikia. "Makame, kusanya vyako. Na ujira wa mwezi huu sikupi, umeshajilipa."

Makame hakupiga kelele. Akasema, "Nitakwenda. Lakini nipe siku saba za kukutumikia bure, na ukubali jambo moja. Nitatundika kibuyu cha pili. Mafuta yakitoka kwa kuuzwa, komwe kwenye kibuyu cha kwanza. Mafuta yakitoka kwa namna nyingine yoyote, kata moja, kijiwe kimoja kwenye kibuyu cha pili. Anayechota ndiye anayetia. Mimi, wewe, hata ngamia akichota, atatia."

Watu wakacheka. Bi Zuwena akaona hasara gani, kazi ya bure siku saba. Akakubali.

"Na mwizi akijulikana utamfanya nini?" akauliza Makame.

Bi Zuwena akaapa mbele ya soko lote, "Atalipa kila kata. Na hataugusa mtungi huu tena bila kuomba ruhusa."

"Mmesikia," Makame akawaambia watu, akarudi kwa ngamia wake.

Siku ya kwanza akaja Bi Mgeni, jirani, akasema, "Zuwena, leo umependeza." Bi Zuwena akampimia kata moja, akatia komwe. Akamwongeza kata ya nyongeza, kama siku zote. Akataka kurudisha kifuniko. Akakumbuka. Akatia kijiwe. Kikalia ndani ya kibuyu, tok.

Mchana akataka kukaanga samaki. Kata moja, ya jikoni kwake. Tok.

Jioni dada yake akaleta bakuli. Nani atamnyima dada yake? Kata mbili. Tok, tok.

Akacheka. "Vijiwe vinne tu," akasema. "Tena mafuta ni yangu."

Siku ya pili, tok, tok, tok, tok, tok. Siku ya tatu hakucheka. Alichota ya kupaka nywele, akashika kijiwe mkononi, akakaa nacho. Hapakuwa na mtu. Makame alikuwa kinuni, mgongo wake unakwenda na kurudi nyuma ya ngamia. Bi Zuwena akakitia, polepole, lakini kilisikika vile vile.

Siku ya saba jioni, watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Wauza samaki wapo, wanawake wa kisimani wapo, binamu yake aliyeolewa yupo. Bi Zuwena alikuwa ndani peke yake. Akakitungua kibuyu cha pili. Kilikuwa kizito, akakishika kwa mikono miwili. Akatazama mlango wa uani. Pale nje palikuwa na shimo la taka, hatua nne. Akikimwaga pale, akabakisha vijiwe vitatu au vinne, Makame ni mwizi mpaka kufa, na yeye ni Bi Zuwena, mwenye kinu, mkarimu, asiye na neno na mtu.

Alisimama hapo muda mrefu, jamani. Mimi nikifika hapa huwa naogopa, na hadithi naijua.

Kisha akasikia kinu kimenyamaza. Makame alikuwa amemsimamisha ngamia, amekaa chini, amefunga kifurushi chake, kikoi kimoja na sahani moja. Alikuwa anangoja. Bi Zuwena akachungulia, akaona kile kifurushi kilivyokuwa kidogo, akaona haya. Haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Akatoka mlangoni akakimwaga kibuyu mbele ya watu wote. Wakahesabu. Vijiwe arobaini na vitatu. Kazi ya ngamia ya siku nzima, na zaidi. Wakajumlisha komwe, vijiwe na mafuta yaliyobaki ya siku zote saba. Hesabu ikatimia, hakuna kata iliyopungua.

"Vijiwe hivi ni vya nani?" akauliza muuza samaki mmoja.

"Vyangu," akasema Bi Zuwena. "Vyote. Makame hana hata kimoja. Nilikuwa naiba mwenyewe, namtafuta mwizi." Akamgeukia Makame. "Nimekukosea. Nimekuvunjia jina, nikakunyima ujira wako. Nisamehe."

Makame akasimama. "Wewe si mwizi, Bi Zuwena. Kinu hiki kina wafanyakazi watatu. Ngamia analipwa majani. Mimi nalipwa pesa. Wewe hukuwahi kujipangia ujira, ndiyo maana unajichotea."

"Nijilipe nini?"

"Kata tatu kila jioni. Zako hizo, mpe dada, paka nywele, mimina chini ukitaka. Zaidi ya hapo, umeapa."

Basi akamlipa Makame mwezi wake, na siku saba juu. Kila kijiwe akakilipa kwenye mfuko wa kinu, kidogo kidogo, mpaka vikaisha. Na akikosa mafuta ya kukaangia, anasimama kando ya mtungi anasema, "Makame, naomba kata moja." Makame anajibu, "Za leo umeshamaliza, bibi." Siku hiyo samaki anachemshwa.

Mnacheka. Hadithi haijaisha.

Makame alimwambia neno lingine. "Ulilisema kisimani, sokoni na arusini. Nenda ukaliondoe." Bi Zuwena akaenda kisimani, akasema, "Makame si mwizi, mimi nilikosea." Akaenda sokoni, akasema. Akaenda kwa binamu yake, akasema. Lakini wale wa arusini walishatawanyika. Wengine walitoka miji ya mbali, walishakula pilau, wakarudi kwao na habari.

Miaka ikapita. Kinu kikawa na ngamia wawili. Siku moja akaja mwanamke mgeni, wa mji wa mbali, kununua mafuta. Makame akachukua kata ampimie. Yule mwanamke akamtazama, akamtazama tena, akakihamisha kibeti chake mkono wa pili, akakibana kwapani. Makame akampimia, kata imejaa mpaka ukingoni, akatia komwe, akarudi kwa ngamia.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kizingitini, kazeeka, macho yake bado mazima. Aliona. Akanyanyuka kwa taabu, akaokota kijiwe chini, akaenda kwenye kile kibuyu cha pili kilichokaa kitupu miaka na miaka.

Kule kinuni Makame akasikia, tok.

Kinywa nimefunga. Kibuyu nakiacha wazi, mwenye kijiwe chake anakijua.

— Tumesikia.

Basi nendeni mkalale, na wewe wa mlangoni, mpishe ngamia.