Gari la Mama Bibi Harusi

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mnipe masikio. Nataka niwapeleke mlimani, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anamwoza binti yake wa pekee.

Mama huyo alikuwa na gari dogo la umeme. Naona mnatabasamu! Hata kijijini kwake walicheka. Alilinunua kwa jasho la viazi na karoti, na tangu siku hiyo watu hawakumpa nafasi ya kupumua. Gari gani halina mlio? Gari gani linachajiwa kama simu? Mvua ikinyesha si litampiga shoti? Kamati ya harusi ilimaliza ajenda ya chakula kwa kikao kimoja, lakini ajenda ya gari la bibi harusi ilizua mabishano kila walipokutana. Mama alikuwa na ombi moja tu.

"Baba yake hayupo," alisema. "Naomba nimfikishe mwanangu kanisani mimi mwenyewe."

Kaka wa marehemu mumewe, mwenye gari kubwa la dizeli, hakutaka hata kusikia. Anayemtoa binti ni ukoo, alisema, na ukoo ni yeye.

Asubuhi ya harusi ikafika, na umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Gari la mama lilibakiwa na asilimia kumi na tisa ya chaji. Kanisa lenyewe liko bondeni, mwisho wa barabara yenye kona za kukuondolea usingizi.

"Shemeji, usitutie aibu," yule bwana akasema mbele ya wageni. "Chaji hiyo itaishia njiani, tukuvute kwa kamba wakwe wakiona. Langu lina bima kubwa. Likipata lolote, nalipwa."

Bibi harusi akainua shela, akamjibu kwa adabu: "Baba mkubwa, bima italilipa gari. Mimi nataka kufika." Akaingia kwa mama yake.

Ndugu zangu, ninyi mngepanda gari lipi? Semeni kweli, tuko mbele za Bwana!

Wakaanza kushuka. Mama mbele, polepole. Nyuma yake shemeji, kamba tayari kwenye kiti, akingoja kale kagari kazime. Na kwa kuwa alitaka kubana mafuta, akaweka gia huru, gari likawa linaporomoka lenyewe, mguu wake haubanduki kwenye breki. Mnajua kilichofuata. Harufu ya kuungua, kisha moshi magurudumuni. Breki zikaanza kukataa, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, akatoka.

Mama aliona kwenye kioo. Akasimama.

"Panda, shemeji. Tunachelewa."

Akapanda. Macho yake yakaganda kwenye ile namba ya chaji, akisubiri iishe. Akaona ishirini. Akafuta miwani. Ishirini na mbili.

"Shemeji, hii imeharibika! Inapanda!"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Haijaharibika. Hili likishuka huku nalizuia, magurudumu yanazungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Tunashuka, lenyewe linajaa."

Walifika na ishirini na tano! Vigelegele, tarumbeta, mashangazi wanatandika khanga chini! Ndani ya kanisa mchungaji akauliza, "Nani anamtoa binti huyu?" Watu wote wakamgeukia yule bwana, suti yake bado inanuka moshi. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo miezi mitatu. Akafungua kinywa.

"Mama yake," akasema. Akarudi nyuma, akampisha.

Pigeni makofi, nami napiga. Lakini ngojeni. Sisi tuko wapi katika msafara ule? Mwenzetu akipunguzwa kazini, akihama nyumba nzuri akaenda kupanga chumba kimoja, sisi tunafanya nini? Tunamfuata nyuma na kamba. Tunasubiri azime. Halafu tunasema tunamwombea!

Na wewe unayeshuka mwaka huu, nani alikuambia kwamba kushuka ni kuisha? Yule mama hakuliachia gari lijiendee. Alilizuia kona kwa kona. Nawe usijiachie. Shika sala yako, shika uaminifu wako, hata kama mkono unauma. Siku utakayoangalia ndani yako utakuta subira ambayo kule juu hukuwa nayo, na huruma ambayo kule juu hukuihitaji. Nani ameiweka humo?

Bwana wetu mwenyewe alishuka. Alishuka mpaka kaburini, wakaweka jiwe, wakaweka na askari, wakaenda zao kulala wakijua amekwisha. Amekwisha? Alitoka, jamani! Alitoka na uzima wa kututosha sisi sote, tulioko juu na tulioko bondeni. Inukeni, tumwimbie!