Spika Tano Sebuleni

Wapendwa, wale mnaopenda sinema nyumbani leo nitawagusa. Msininunie, hata mimi napenda.

Bwana mmoja alinunua televisheni kubwa, akataka na sauti iizunguke sebule, ile ya kukaa kwenye kochi helikopta ikapita juu ya kichwa chako. Spika tano. Mbili za mbele alinunua dukani. Ya katikati aliachiwa na shemeji yake aliyehama. Mbili za nyuma ni za mtumba, kampuni nyingine tena. Akaunga waya, akawasha. Lahaula! Mtu kwenye sinema anaanza kuongea kwa sauti nzito, akifika katikati anaongea kama ana mafua, akifika nyuma amekuwa mtu mwingine kabisa.

Fundi alimwambia, "Bosi, hizi haziendani. Kila kampuni na sauti yake."

Akajibu, "Wewe niachie mimi. Nitazipatanisha."

Basi amani ikatoka nyumba ile. Bwana anakaa, anainuka. Anasogeza spika kidogo ukutani, anarudi kwenye kochi, anatega sikio, anatikisa kichwa, anainuka tena. Anapunguza besi. Anaongeza. Anaombea chakula huku shingo imegeukia spika ya kushoto. Mnacheka? Mnamjua, eh?

Sasa, wiki hiyohiyo mke wake alikuwa ametoka hospitali. Alijigusa akaona uvimbe kwenye titi. Daktari akamwambia arudi Jumatatu achukuliwe kinyama kikapimwe, na asije peke yake. Wapendwa, yule mama hakuogopa sindano. Aliogopa kukaa kwenye lile benchi peke yake akisubiri kuitwa. Alitaka mumewe aseme neno moja tu: tutakwenda.

Ijumaa akajaribu. "Baba Tumsifu, nina jambo nataka tuongee."

"Ngoja kwanza mama, hii ya nyuma inachelewa."

Jumamosi akajaribu tena. Akaambiwa, "Kesho nitakuwa nimemaliza." Kesho! Sisi na kesho zetu!

Jumapili, wametoka ibadani kama mtakavyotoka ninyi, bwana akapata wazo. Akachomeka maiki kwenye mtambo, akampa mkewe.

"Mama Tumsifu, kipimo kizuri ni sauti ya mtu. Simama hapo uongee, mimi nisikilize zinavyotoa."

"Niseme nini?"

"Chochote! Wewe sema tu!"

Jamani, mngefanyaje? Umetafuta nafasi ya kusema siku zote hizo, leo unapewa maiki na spika tano! Yule mama akashika maiki kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Nina uvimbe kwenye titi. Kesho asubuhi wananipima. Naogopa sana. Naomba unisindikize."

Bwana alikuwa amesimama katikati ya zulia, kafumba macho. Akafumbua. Akaruka juu, akapiga makofi.

"Hapohapo! Mtu asiguse kitu! Umesikia ilivyotoka? Zote tano sauti moja, huwezi kujua ni kampuni tatu! Rudia, mama, rudia maneno yaleyale!"

Alirudia? Wewe ungerudia? Aliweka maiki mezani, akaenda jikoni.

Jumatatu asubuhi bwana akatoka kwenda kazini huku anapiga mluzi. Jioni anarudi, jirani anamsimamisha getini. "Jirani, pole na kuuguza."

"Nauguza nani?"

Jirani alimtazama mpaka akaona aibu kwa niaba yake. "Si mkeo? Jana tumesikia huku kwetu, neno kwa neno. Mama watoto wangu ameenda naye hospitali tangu asubuhi. Bado hawajarudi."

Maneno yalivuka ukuta wa tofali, yakamfikia mke wa jirani. Zulia la sebuleni yalishindwa kulivuka.

Sasa ni sisi. Nimesema sisi, usimtazame aliyekaa mbele yako. Yule bwana hakuwa mlevi. Hakumpiga mkewe. Alikuwa mtu mwema mwenye masikio makali, na hilo ndilo linalonikosesha raha tangu nianze kuandaa neno hili. Kwa sababu sisi nasi masikio tunayo. Tunatoka hapa tukisema leo kwaya sauti ya nne ilizidi, soprano walichelewa kuingia. Waliimba nini? Hatujui. Mama anapiga simu kutoka kijijini, tunachosikia ni mtandao mbaya. Mtoto anakuja analia, tunamwambia asipige kelele. Alikuwa analilia nini? Nani aliuliza? Na Mungu akisema nasi, tunampa alama mhubiri!

Inaniuma, wapendwa. Na najua nikimaliza hapa kuna mtu atanishika mkono mlangoni aniambie, "Mchungaji, leo umehubiri vizuri sana." Tafadhali, usije. Leo sisimami mlangoni, nitatokea kule nyuma. Mkono huo kamshike yule ambaye wiki nzima amekuwa akianza kukuambia kitu unamkatiza. Mwambie, "Nisamehe, ulikuwa unasema nini?" Halafu nyamaza mpaka amalize.