Bakuli la Mvua

Wapendwa, leo nataka kuwatoa kwenye mabenchi yetu haya, yanayolia kila mtu akijigeuza, niwapeleke mbali kidogo. Fumbeni macho mkipenda, ila asilale mtu. Mzee wa kanisa pale mlangoni anawajua wanaokoroma kwa majina.

Zamani za kale, huko Bara Hindi, palikuwa na dola kubwa. Mtu akiondoka mpakani mpunga unapandwa, alifika mji wa mfalme mpunga unavunwa. Mfalme aliishi ndani ya ukuta wa magogo, na alitaka kujua kila kitu. Alikuwa na msimamizi wa tembo, msimamizi wa nyuzi na vitambaa, na msimamizi wa mizani za sokoni. Kando ya barabara zake alichimba visima na kupanda miti ya kivuli. Lakini mfalme, hata awe na macho elfu, atasimamaje katika kila shamba atazame mbingu? Basi akaamuru mbele ya kila ghala la nafaka liwekwe bakuli la jiwe, lisilo na kifuniko. Mvua inyeshe humo. Majira ya mvua yakiisha, tarishi aje apime maji kwa vidole. Yakifika vidole kumi na viwili, wakulima watoe fungu la sita la mavuno yao. Yakipungua, ghala lifunguliwe, watu wale.

Katika wilaya moja ya pembezoni, kazi ya kulitunza bakuli alipewa mtu mmoja mwema. Nawaambia mapema kwamba alikuwa mwema, kwa sababu najua mtataka kumchukia.

Mtu huyu alilipenda bakuli lake. Kila alfajiri aliota ndoto ile ile: mfalme ameinama juu ya bakuli, maji yametulia tuli, mfalme anauona uso wake ndani ya maji, anatabasamu. Mtunza bakuli aliamka na tabasamu lile lile, akachukua majivu na ukwaju, akaenda kulisugua jiwe mpaka likang'aa. Alikuwa hajawahi kumwona mfalme, lakini angeweza kukueleza meno yake yalivyopangika.

Mwaka mmoja mawingu yalikuja, yakasimama juu ya vilima kama wageni wanaoona haya kubisha hodi, kisha yakaondoka. Yakaja tena, yakaondoka tena. Mpunga ukawa wa njano, kisha ukawa hauna rangi. Ndani ya bakuli yalikuwamo maji ya vidole vinne tu.

Jirani yake, mjane aliyesokota pamba ya mfalme ili apate posho, alipita kila asubuhi na pia yake ya kusokotea mkononi. Alimwuliza, "Bakuli linasemaje, kaka?" Naye akajibu, "Linasema tuvute subira, dada." Mjane akacheka kidogo, akaenda zake. Kadiri siku zilivyopita, kicheko kile kilizidi kuwa chembamba.

Mtunza bakuli aliona aibu. Aliwaza tarishi akikimbia njia nzima hadi mjini kwenda kusema, vinne. Aliwaza mfalme akiinama na kuona jiwe tupu mahali pa uso wake. Ilikuwa kana kwamba mbingu zimemkataa yeye mwenyewe, mbele ya watu. Akasema moyoni kwamba mfalme husaidia wilaya zinazompendeza, na wilaya yenye bakuli kavu itampendezaje?

Siku moja, jua likichomoza, alichota kata moja ya maji kutoka mtungi wa nyumbani akayamimina bakulini. Alijiambia kuwa jua limeyanywa maji ya mfalme, na yeye anarudisha tu yaliyoibwa. Mkewe, ambaye ndiye aliyeyabeba maji yale kichwani kutoka kisima cha mbali, alimtazama, kisha akauinamisha mtungi kuona yaliyobaki. Kesho yake zikawa kata mbili. Akina mama, mnajua jinsi mtungi unavyopungua mtu akichota kidogo kidogo. Na bakuli nalo, ndivyo lilivyojaa.

Kisha akaja binti yake, aliyeolewa kijiji cha bondeni, akiwa na mtoto mchanga kifuani. Hakuomba kuketi.

"Baba, maziwa yamenikauka. Ghala litafunguliwa lini?"

Akamjibu kwamba mfalme ana huruma, atawakumbuka. Na aliamini hivyo kabisa. Alimjibu akiwa amesimama kati ya bakuli na ghala, na mlango wa ghala, wenye muhuri wa udongo, ulikuwa hatua ishirini nyuma ya mgongo wake.

Tarishi akafika, akapima. Vidole kumi na vinne. Akampongeza, akakimbia. Usiku ule mtunza bakuli hakuota kitu.

Kabla mwezi haujaandama, yule mjane alikutwa amekufa, amekaa mlangoni kwake, pia ya kusokotea mkononi, uzi wa mfalme haujafika nusu. Walisema ni uzee. Alikuwa wa umri wa mke wangu.

Ndipo mikokoteni ikaja. Fikirini, wapendwa: mikokoteni arobaini ya ng'ombe, imejaa mchele na dengu, vumbi lake linaonekana toka asubuhi. Watu waliobaki na nguvu walitoka kuilaki. Binti naye alikuja na mwanawe. Na mikokoteni ikapita. Ng'ombe hawakupunguza hata mwendo. Afisa wa mfalme aliyeiongoza alieleza kwa upole kwamba chakula ni cha wilaya ya jirani, ambako bakuli lilikutwa kavu. Akawakumbusha pia kutayarisha fungu la sita, maana wao mwaka huu wamebarikiwa.

Mtunza bakuli alitazama uso wa binti yake. Kisha akakimbia, akasimama mbele ya ng'ombe wa kwanza, akasema mbele ya watu wote kwamba maji yale aliyatia yeye, kata kwa kata.

Afisa aliteremka. "Kwa nini, mzee?"

"Niliona aibu kumwonyesha mfalme bakuli kavu."

Afisa akageuka kuitazama mikokoteni. Halafu akasema, "Ulidhani bakuli liliwekwa ili mfalme akusifu? Liliwekwa ajue wapi pana njaa."

Wakarudi wote ghalani. Mtunza bakuli akayachota maji kwa mkono wake, akamjazia binti yake mtungi, mpaka bakulini yakabaki maji ya vidole vinne. Afisa akaangalia, akauendea mlango, akauvunja muhuri. Ghala lilikuwa limejaa mpaka darini. Lilikuwa limejaa siku zote.

Alfajiri iliyofuata ile ndoto ikarudi. Mfalme akainama juu ya bakuli, na bakuli lilikuwa kavu. Hakutabasamu. Aliinuka upesi akaagiza ng'ombe wafungwe mikokoteni.

Sasa fumbueni macho. Huyu mtu ni nani, kama si sisi?

Asubuhi hii mlipofika mlangoni niliwauliza, habari za nyumbani? Mkasema nzuri, mchungaji, tunamshukuru Mungu. Wote. Hata wewe ambaye hujalala siku tatu. Hata wewe ambaye mwanao hajapiga simu tangu mwaka jana. Nami mlipouliza, nikasema salama, na haikuwa salama. Tumeweka kata moja, wapendwa, na kesho tutaweka mbili, tena kwa maji ambayo nyumbani hayatoshi. Hata tukipiga magoti tunamwonyesha Mungu bakuli lililosuguliwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kisha tunalalamika mikokoteni imetupita.

Mungu hahitaji kuuona uso wake katika maji yetu ya kutia. Na huyo uliyekaa naye benchi moja hawezi kukufungulia ghala ambalo umemwambia hulihitaji. Yule mjane alituuliza kila siku bakuli linasemaje, na sisi tukamwambia avute subira.

Baada ya wimbo tutasalimiana. Mwenzako atakuuliza habari za nyumbani. Mjibu.