Mabakuli ya Zamda

Kila mtu aliyeingizwa kwenye biashara ya sabuni ya Bwana Kiwelu alikuwa akitoroka kabla ya mwezi kuisha. Kiwelu akamwita Zamda, msaidizi wake.

“Wapya wa mwezi huu wakitoroka, nawe uondoke. Wakibaki, chukua friji yangu.”

“Wabaki tu, bosi?”

“Wabaki tu!”

Mwezi ukaisha, ukumbi umejaa watu na vicheko. Kiwelu akatoa friji.

“Uliwapa nini?”

“Niliwafungia pilau kwenye mabakuli yangu. Nani atarudisha bakuli la mtu likiwa tupu? Wakayarudisha na maandazi, nikawajazia mihogo, wakarudi tena.”

“Na sabuni zangu wameuza ngapi?”

“Kuuza hukuniagiza, bosi. Ila za majaribio zimeisha. Tungeoshea nini mabakuli yote hayo?”