Mipira Iliyobaki Mashimoni

Zawadi ya mgongo huchaguliwa kwa kuinama. Mmeisikia leo kwenye kikao chenu cha kumuaga mwalimu wa kwaya, mkaguna, maana nusu yenu kimawazo mlikuwa mmeshafika dukani. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Msidhani ni ya mababu. Methali hii bado mbichi, haijaota hata mvi moja, tena ilizaliwa mahali msipopadhania: kwenye uwanja wa gofu, huku huku kwetu Mufindi. Tulieni niwaeleze ilivyoanza.

Palikuwa na mama mmoja mjini Mafinga, Betrida Luvanda, mwenye duka la samani. Alikuwa mtu wa kutoa. Ukizaa, yuko mlangoni na beseni limejaa. Ukifiwa, keshafika na mchele kabla turubai halijafungwa. Lakini aliyempa kuliko wote alikuwa baba yake, Mzee Festo, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, aliyeishi peke yake kule mashambani, mwendo wa saa moja kwa gari.

Mzee Festo alikuwa na mambo mawili maishani: gofu na mgongo. Yote mawili aliyapata kiwandani. Katikati ya mashamba ya chai kulikuwa na uwanja mdogo wa mashimo tisa, na wafanyakazi waliporuhusiwa kuucheza yeye alikuwa wa kwanza kushika fimbo. Mgongo nao aliupata kwa miaka thelathini ya kunyanyua vyuma vya mitambo. Gofu na mgongo mbovu havipatani, lakini mzee alivilazimisha vikae nyumba moja. Kila Jumamosi alitoka na wastaafu wenzake watatu, wakazunguka mashimo yale wakibishana na kutaniana, huku mfuko wake wa fimbo ukibebwa na kedi wake wa siku zote, Skolastika Mhema, mama wa makamo ambaye watu walimwita Mama Kastuli.

Mkewe alipofariki, Mzee Festo aliacha gofu kwa miezi minne. Betrida hakuisahau miezi ile. Akienda kumwona, alimkuta amekaa kitandani saa sita mchana, chai imepoa, ndevu zimeota, na akiulizwa neno anajibu kwa kichwa. Gofu ndiyo iliyomtoa ndani. Kwa hiyo Betrida aliupenda mchezo ule bila kuujua, akaapa kumtunza baba yake kwa kila kitu cha gofu na cha mgongo.

Zawadi zikaanza kumiminika. Kwanza viatu vya gofu vya ngozi, vyenye kamba ndefu za kupitisha kwenye matundu kumi na sita. Kisha mfuko mpya wa fimbo, mkubwa kama gunia la mkaa, wenye vijimfuko ambavyo hakuna aliyejua ni vya kuwekea nini. Mwisho akatoa dukani kwake kochi laini, la chini, la kummeza mtu mzima, ili mgongo upumzike baada ya mchezo.

Na kila zawadi Mzee Festo aliipokea kwa mikono miwili na kwa hotuba. Kwa kushukuru alikuwa bingwa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru marehemu mkewe kwa kumzalia mtoto kama huyo, akamshukuru aliyeshona, akashukuru hata gari lililoileta. Betrida alirudi Mafinga moyo mweupe. "Baba analipenda lile kochi, jamani," aliwaambia wateja wake. "Nikienda kumwona haondoki juu yake. Hata kunisindikiza hanisindikizi."

Mwezi wa kwanza wa mwaka mmoja, padri wa parokia alimpigia Betrida simu kumpa ahsante. Mzee Festo alikuwa ameahidi fimbo zake zote za gofu ziuzwe kwenye mnada wa kanisa, Jumapili ya wiki iliyofuata. Betrida aliitikia vizuri, akakata simu, akakaa chini palepale katikati ya duka. Aliiona ile miezi minne inarudi, na safari hii baba yake alikuwa mzee zaidi.

Wazo lake la kwanza mnalijua. Zawadi. Angemwagizia fimbo mpya, nyepesi, kutoka Dar es Salaam, kabla ya mnada. Akampigia Mama Kastuli.

"Shikamoo, Mama Kastuli."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mafinga?"

"Nzuri kiasi. Nataka kumwagizia baba fimbo mpya. Anapenda za namna gani?"

Mama Kastuli alijikanda magoti. Siku zile magoti yalikuwa yamemvimba, na ilikuwa wiki ya sita hajakanyaga uwanjani.

"Beti, mambo ya fimbo mimi sikwambii kitu. Jumamosi hii njoo ubebe mfuko mahali pangu. Mwombe baba yako mzunguke mara moja tu, ya kuagana. Ukimaliza mashimo tisa, ndipo uagize."

Betrida aliudhika. Mtu na duka lake, na wafanyakazi watatu, abebe mfuko uwanjani watu wanamwona! Lakini miezi minne ni miezi minne, akaenda.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya chai na nyasi zimelowa. Mzee Festo aliwaomba wenzake watangulie, abaki na binti yake. Alidondosha mpira kwenye nyasi, akasimama vizuri, akauzungusha mwili kidogo tu, kwa kipimo, na mpira ukaenda ulikotumwa. Betrida alishangaa. Mgongo mbona mzima? Aliyekuwa na shida ni yeye, maana ule mfuko alioununua mwenyewe ulimkata bega kabla hawajafika shimo la kwanza.

Mpira ulipoingia shimoni, baba yake alivua kofia, akaifuta, akasema, "Hebu tazama kule, wachuma chai leo ni wengi kweli." Betrida akatazama. Alipogeuka, mzee alikuwa ameshaondoka. Shimo la pili, alionyeshwa kunguru. Shimo la tatu, alipoonyeshwa moshi wa kiwanda, alibaki nyuma kurudisha kibendera cha kuonyesha shimo, macho yakamwangukia chini. Mpira ulikuwa humo humo.

"Baba, umesahau mpira."

"Sikuusahau, mama."

"Huu hapa."

"Najua uko hapo." Mzee alisimama, akaegemea fimbo. "Tangu Mama Kastuli aumwe nimeiacha mingi humu. Wanaokuja nyuma yetu wanasema Mzee Luvanda kazeeka vizuri, anagawa mipira."

Betrida aliutoa mpira ule shimoni, akaushika bila kujua aufanye nini. Mambo yalianza kumjia moja moja.

"Na viatu, baba?"

"Viatu vizuri sana. Mungu akuzidishie."

"Baba."

Mzee alitazama viatu vyake. "Kuvifunga inanichukua robo saa," akasema. "Wakati mwingine nalala navyo."

"Na kochi?"

Hapo mzee alicheka, na kucheka kwenyewe kukamuuma, akashika kiuno. "Kochi lile ukinikuta nimekaa, ujue sina namna. Nangoja uondoke, nimwite jirani aje aninyanyue."

Betrida hakucheka. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Mtu anakuletea kitu kutoka moyoni, unakigeuza chini juu unamwonyesha kasoro? Nilishukuru. Hata sasa nashukuru. Ila kupiga naweza, kutembea naweza. Kinachonishinda ni kuinama. Mama Kastuli alikuwa ananiinamia, hakusema, nami sikusema. Sasa na yeye magoti yamekataa. Siwezi kumtafuta mtu mwingine nimwambie njoo uniokotee. Bora fimbo ziende kanisani."

Waliendelea hadi shimo la tisa, na katika kila shimo Betrida ndiye aliyeinama. Alikuwa na miaka arobaini na mbili na kiuno chake hakikuwahi kumwuliza swali. Hata hivyo, kwa mfuko ule begani, shimo la saba lilimfanya ashike paja ndipo ainuke, na la tisa lilimtoa mguno. Mama Kastuli alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa, na hapakuwa na mtu aliyemtolea hotuba.

Kutoka uwanjani alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kastuli. Alimkuta barazani, miguu juu ya gogo, akapiga magoti kumwamkia, na magoti yale hayakuwa ya salamu peke yake.

"Mama, nashukuru," alisema. "Nashukuru kwa miaka yote hiyo. Lakini mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Ningekuambia, ungenunua," alijibu Mama Kastuli. "Wewe mkono wako mwepesi, mwanangu, nao ni wema. Ila mambo mengine lazima kiuno kiyasikie chenyewe."

Ulikuwa msimu wa pichesi. Mama Kastuli alimwambia achume ale, na ukutani palikuwa na mwanzi wa kuchumia. Ninyi mnaujua, nani hapa hajauchezea? Mwanzi mrefu, ncha imepasuliwa vipande vinne, katikati kimesokomezwa kipande cha gunzi ili vitanuke kama vidole. Unausukuma juu, pichesi linanaswa, unalishusha. Betrida alinasa la kwanza, akalishusha, akalitazama likiwa kwenye vile vidole. Likalingana kabisa na kitu alichokuwa amekiokota asubuhi nzima. Akaugeuza mwanzi, ncha chini.

Hakuhitaji kueleza. Mama Kastuli alikwisha agiza kisu.

Walikata mwanzi mpya, mfupi. "Mwisho hapa," alisema Mama Kastuli akigusa kiuno chake, kisha akapandisha kiganja kidogo, kwa sababu urefu wa Mzee Festo aliujua kuliko fundi cherehani. Wakapasua ncha, wakaipara kwa kigae cha chupa isije ikachubua kingo za shimo, wakafunga kwa uzi wa katani. Kazi ilikwisha kabla chai haijachemka mara ya pili. Kabla ya kuondoka, Betrida alipanga siku ya kumpeleka Mama Kastuli hospitali, magoti nayo yatazamwe na mtu anayeyajua.

Jumamosi iliyofuata, siku moja kabla ya mnada, Betrida alibeba mfuko tena, ule wa zamani, mdogo. Baba yake alikuja kuzizungusha fimbo kwa mara ya mwisho, akiwa amevaa raba zake kuukuu za kutumbukiza mguu. Kwenye shimo la kwanza Betrida alimpa ule mwanzi. Mzee aliugeuzageuza. Akaushusha shimoni akiwa amesimama wima, akakandamiza, akavuta. Mpira ukapanda nao mpaka mkononi mwake.

Betrida alingoja hotuba. Haikuja. Mzee Festo aliurudisha mpira shimoni, akautoa tena. Akaurudisha, akautoa. Kisha akaanza kutembea kwenda shimo la pili, kwa haraka ya mtu aliyechelewa, akawaita wenzake kwa sauti, "Nyie, ningojeni! Leo mtalia."

Fimbo hazikwenda mnadani. Kilichokwenda ni kochi, nalo lilinunuliwa na bwana harusi mmoja mwenye mgongo mzima, na kanisa lilipata bati. Miezi minne ile haikurudi. Mzee alicheza miaka saba tena, na Mama Kastuli, magoti yalipotulia, alirudi kutembea naye, mmoja amebeba mfuko mdogo na mwingine mwanzi wake.

Siku hizi methali hii inasemwa harusini, misibani na kwenye vikao kama chenu, na wengi wanaoisema hawajapata kuona hata shimo la gofu. Lakini aliyeisema kwanza ni Mzee Festo mwenyewe, Jumamosi ile walipomaliza shimo la tisa na kukaa kunywa chai. Wenzake walimwona anasimama, wakajiegemeza vizuri, maana walizijua shukrani zake zinavyochukua muda. Yeye akamwangalia binti yake.

"Zile zote, mwanangu, nilikushukuru kwa mdomo," akasema. "Hii umeniletea baada ya kuinama wewe kwanza. Zawadi ya mgongo huchaguliwa kwa kuinama." Kisha akakaa.