Hotuba ya Kurasa Arobaini

Bi Zuwena alikuwa akikaanga maandazi barazani kwa Bwana Faki Mbarouk, tajiri wa mji, mpaka tajiri akachoshwa na moshi wake.

"Zuwena, kesho nafungua ghala langu jipya, na nitahutubia," alimwambia. "Akitoka hata mtu mmoja kabla sijamaliza, beba karai lako uhame. Wakikaa wote, utakaanga hapa maisha."

"Hotuba yenyewe inahusu nini, bwana?"

"Maisha yangu, tangu kuzaliwa. Kurasa arobaini."

Bi Zuwena alipiga hesabu. Bwana Faki akihutubia, hata mkewe huuchapa usingizi.

"Basi nipe kazi ya kupokea wageni mlangoni," alisema. "Kama ni kuhama, nihame nimeshaagana na watu."

Kesho yake alimshika mkono kila mgeni, akamnong'oneza neno la karibu, akampisha aingie.

Bwana Faki akasoma. Alisimulia surua aliyougua akiwa na miaka minne, na hakuna aliyepiga mwayo. Kufika ukurasa wa thelathini, watu walikuwa wamesogeza viti mbele, kikohozi wamekibana kifuani. Alipofunga daftari, bado walikuwa wamemkodolea macho.

"Umewapa nini watu hawa?" alimuuliza Bi Zuwena.

"Sijawapa kitu, bwana. Nilimwambia kila mmoja kwamba leo utatoboa siri ya jirani yake."

"Lakini mimi sikumtaja jirani wa mtu yeyote."

"Ndiyo maana walikaa mpaka mwisho. Ungemtaja mmoja tu, wangekuacha na daftari lako, wakimbilie kwenda kusimulia."