Ndiva Isiyo na Jina

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yetu Nankondo, mwezi wa saba mwaka 1974, uani kwake Ikombo, katika milima ya Upare, akiwa anapepeta maharage. Wanaotajwa humu ni watoto wake watatu. Mmoja wao, Mbazi, ni baba yangu. Nalisema hilo mapema ili msikilizaji ayapime maneno yangu. Mahali ambapo shangazi Nakijwa anakumbuka tofauti na bibi, nitataja.

Basi sogeeni karibu.

Walikuwa ndugu watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake. Nakijwa, wa kwanza, alijaliwa kutazama. Angeweza kukaa mbele ya kitu mpaka kitu chenyewe kichoke kujificha. Togolani, wa pili, alijaliwa mikono. Ukimpa donge la udongo, alifumba macho, akalisugua kwa kidole gumba, akakuambia limetoka bonde gani. Mbazi, kitinda mimba, alijaliwa kupanga watu. Alipokuwa mdogo, watoto walitumwa maji pamoja naye wakiwa wametawanyika, wakarudi kwa mstari, wenye mitungi mizito katikati, na hakuna aliyekumbuka kuwa alipangwa.

Ikombo iliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo lililo juu ya mashamba. Maji ya kijito hujikusanya humo, asubuhi mlango wake hufunguliwa, nayo hushuka kwa mifereji hadi kwenye mahindi ya kiangazi. Ukuta wake hujengwa kwa msaragambo: pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu. Na desturi ya kwetu ni kwamba ndiva hubeba jina la mtu mmoja, yule aliyeifanya ishike maji. Mpiga pembe huita, "Ndiva ya fulani inawataka," na watu hutoka. Ndiva isiyo na jina haiwezi kumwita mtu. Haina msaragambo.

Ndiva ya Ikombo ilivunjika mwaka 1949, ikavunjika 1957, ikavunjika tena 1964. Ile ya tatu ilisimamiwa na Senkondo, mume wa Nankondo, ikaitwa kwa jina lake majuma sita tu. Masika yalipokolea ukuta ulifunguka. Hakufa mtu, lakini shamba la mjane mmoja, Namvumo, liliondoka lote, pakabaki jabali jeupe. Tangu siku ile Senkondo alikaa nyuma kabisa barazani. Waliopita mbele ya nyumba yake waliambiana, "Piteni polepole, kuta za hapa hazivumilii kikohozi." Alifariki mwaka uliofuata bila kujua alikosea wapi. Hilo ndilo lililowauma watoto wake kuliko mzaha: kwamba baba alikufa na swali lake mkononi.

Mzee Kallaghe, msimamizi wa maji, alitaka kupiga pembe mara moja ukuta ujengwe upya. Nakijwa akaenda kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba usipige pembe bado. Tumejenga mara tatu, hatujauliza hata mara moja."

"Tumuulize nani? Ukuta?"

"Ukuta, na walioujenga."

Kallaghe akacheka mpaka akashika ubavu. "Baba yako alijenga bila kuuliza, wewe unataka kuuliza bila kujenga. Haya. Nakupa mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo pembe italia, uwe na jibu au usiwe nalo."

Nakijwa akaanza kutazama. Alikwenda kwenye magofu kila asubuhi na kamba yenye mafundo na daftari la mistari. Ukungu wa kwetu ni mzito. Kuna siku ulifunika kila kitu isipokuwa mawe aliyoyakanyaga, na ukuta uliovunjika ulionekana kama mnyama mkubwa aliyelala, anayepumua taratibu. Alipima kila pengo. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba kwa watu arobaini na mmoja waliojenga zamani. Hakuwauliza nani alikosea, maana wangemfukuza. Aliwauliza, "Ulisimama wapi?" Swali hilo liliwafurahisha, wakamwonyesha kwa vidole, kila mmoja na jiwe lake. Baada ya miezi saba alichora kuta zote tatu juu ya ukurasa mmoja, akawaita wadogo zake.

Msaragambo wetu uliugawa ukuta kwa vitongoji vinne: Kwesasu, Idaru, Mteke na Kwantala. Kila kitongoji kilijenga kipande chake, kwa wimbo wake, kikishindana na wenzake kumaliza. Ndani ya ukungu hawakuonana, walisikiana tu. Ukuta ulikuwa umevunjika mahali patatu tofauti, na mara zote tatu mpakani.

"Hatujawahi kujenga ukuta," Nakijwa alisema. "Tumejenga kuta nne, tukazisimamisha bega kwa bega."

"Kumbe baba hakukosea udongo," Togolani akasema.

"Baba alikosea palepale walipokosea wote. Waliomcheka walikuwa wamesimama kando yake."

Togolani akaanza kujaribu. Kujua ufa uko wapi hakukuwa kujua namna ya kuuziba, kwa kuwa udongo mbichi ukiupaka juu ya mkavu haushikani. Hukaa kama wageni wawili kitandani. Akajenga uani vindiva ishirini na saba, kila kimoja kama bakuli, kila kimoja kwa mchanganyiko wake: udongo mwekundu wa bondeni, udongo wa kichuguu, majivu, majani makavu yaliyokatwakatwa, samadi. Akavijaza maji. Mama yake alipita katikati akinyanyua kanga. Kuku wa nyumba ile, bibi alisema, hawajawahi kustarehe vile tena. Asubuhi ukitoka nje uliona mbingu ndogo ishirini na saba zimelala chini. Kila siku moja au mbili zilikuwa zimekwisha, na Togolani aliinama juu ya bakuli tupu akanusa. Mwishoni zilibaki mbingu mbili, kisha moja. Ilikuwa ya kichuguu na udongo mwekundu kwa majani makavu, iliyokaushwa polepole chini ya majani mabichi ya mgomba. Na ilikuwa na sharti: kila tabaka lilazwe wakati tabaka la chini yake bado lina unyevu, kutoka mwisho mmoja wa ukuta hadi mwingine. Siku moja ikipita bila kazi, hapo pamezaliwa ufa mpya, wa kulala badala ya kusimama.

"Siku ngapi?" Mbazi akauliza.

"Thelathini na mbili, mfululizo."

"Ikombo haijawahi kukubaliana siku tatu mfululizo."

"Mimi ni wa udongo," Togolani akasema. "Watu ni wako."

Mbazi akaanza kupanga. Hakuitisha mkutano. Alizunguka nyumba zote akiuliza jambo moja tu: "Siku gani huwezi?" Watu waliozoea kuulizwa siku gani wanaweza walishangaa, wakajibu kweli. Akatandika mkeka, akaweka kokoto moja kwa kila nyumba, na kwa majuma mawili alizihamisha huku na huku kama anayecheza bao peke yake, mpaka ikawa hakuna nyumba inayotoka zaidi ya siku nane, na hakuna siku ambayo ukuta hauna mikono. Kazi ngumu ilikuwa mipaka. Watu hawakutaka kuachia vipande vyao.

"Yaani nitoke Kwesasu nikawajengee watu wa Idaru?" mmoja alimuuliza. "Kwani wao wamekatwa mikono?"

"Hapana, kaka. Unajenga tabaka lako. Lina urefu wa ukuta mzima."

"Na watoto wangu nitawaonyesha wapi kwamba ni pangu?"

"Wahesabie kutoka chini. Tabaka la tisa."

Yule mtu akafikiri. "Fanya la kumi na mbili, liwe juu ya maji kidogo."

Kallaghe akapiga pembe bila kuita jina la mtu, maana lilikuwa bado halijapatikana. Alisema ni kwa mara hiyo moja tu, na wazee wakamruhusu. Kazi ilianza katika ukungu. Mbazi alikuwa ameomba nyimbo nne za vitongoji zifungwe pamoja: Kwesasu walianza, Idaru wakapokea, Mteke, kisha Kwantala, ili hata asiyeona mbele ya mikono yake ajue tabaka limefika wapi. Bibi alisema aliyesimama chini bondeni alisikia wimbo mmoja ukitembea juu mlimani, ukienda na kurudi, kama mtu asiyeonekana anayepima urefu wa kitu. Siku ya kumi na tisa alifariki mtu huko Mteke, na kwa desturi kitongoji chenye msiba hakigusi jembe. Mbazi alikuwa ameweka pembeni kokoto za akiba kwa kila kitongoji. Mikono ya Kwantala ikaingia mahali pa Mteke, na udongo haukukauka. Shangazi Nakijwa anasema ilikuwa siku ya ishirini na moja. Nimefuata ya bibi.

Masika ya mwaka 1967 yalinyesha siku kumi na moja bila kupumzika. Siku ya kumi na mbili kijiji chote kilipanda bila kuitwa. Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka. Ndiva ilikuwa imejaa hadi kwenye mdomo, na mbingu nzima imelala ndani yake bila kutikisika. Namvumo, yule mjane, alisogea akaweka kiganja ukutani kama mtu anayepima mtoto.

"Hana homa," akasema.

Ndipo Mzee Kallaghe alipogeuka. "Pembe inataka jina."

Watu walidhani ndugu wale wataachiana jina. Hawakuachiana.

"Nisingeuliza," Nakijwa alisema, "mngejenga kuta nne nzuri zaidi, zikavunjika vizuri zaidi."

"Dada, uliutambua ugonjwa," Togolani akasema. "Bila udongo wangu ungebaki na daftari. Daftari halishiki maji."

"Na udongo wako, kaka, ulishika maji ya kunywesha kuku," Mbazi akasema. "Nani aliwatoa watu mia mbili majumbani siku thelathini na mbili?"

Watu walicheka, kisha wakaacha, maana waliona ndugu wale hawachezi. Kila mmoja alitaka jina lake liitwe kwa pembe ili nyumba ya Senkondo ipitwe kama nyumba nyingine, na kila mmoja aliamini yeye ndiye aliyelijibu swali la baba.

Mtu mmoja akasema iitwe tena Ndiva ya Senkondo, mambo yaishe. Namvumo akatikisa kichwa. "Ndiva ya Senkondo naijua. Iliondoka na shamba langu." Mwingine akasema iitwe kwa majina yote matatu. Kallaghe akasema pembe ina pumzi moja, na wakiitwa watatu kila mtu atasubiri mwingine aitikie. Akamgeukia Nankondo.

"Mama yao, amua wewe."

"Nilijifungua mara tatu, mzee," Nankondo akasema. "Usiniombe nihesabu moja."

Kallaghe akaishusha pembe. Siku ile haikulia, na haijalia kwa ajili ya ndiva ile mpaka leo.

Ukuta umesimama. Lakini kijito huleta tope kila mwaka, na tope lazima litolewe. Kwa kuwa ndiva haina jina, haina msaragambo. Kila mwezi wa tisa wale ndugu watatu walikwenda na watoto wao, wakalitoa kwa majembe na karai. Nami nilikwenda. Tulifanya kazi bila kusemezana sana, tukiimba nusu nusu zile nyimbo nne. Sasa tumepungua. Tope lililokuwa likifika magotini linafika kifuani, na maji ya asubuhi hayafiki tena mashamba ya chini. Mjukuu wa Kallaghe ameitundika pembe ukutani kwake. Anasema yuko tayari kuipiga siku atakayoambiwa jina, na si kabla.

Bibi alipomaliza kusimulia, mwaka ule wa 1974, alituuliza sisi wajukuu iitwe ndiva ya nani, nasi tukagawanyika kama mnavyogawanyika sasa. Yeye alirudi kwenye maharage yake.

Kwa hiyo naliacha kwenu kama alivyoliacha. Mmoja alijua ukuta unavunjika wapi. Mmoja alijua udongo gani utashika. Mmoja alijua watu watasimamaje. Pembe ina pumzi moja, na tope linapanda. Ungekuwa wewe umeishika, ungeita ndiva ya nani?

Usijibu haraka. Mzee Kallaghe alifariki mwaka 1981, Namvumo 1986, bibi Nankondo 1990, baba mkubwa Togolani 2012. Shangazi Nakijwa na baba yangu Mbazi wangali hai. Nyumba zao zinatazamana, na pembe ikipigwa juu kule, inasikika katika nyumba zote mbili.